Lenzi ya kuwekewa baada ya mtoto wa jicho: ipi inafaa jicho lipi

Mama yangu mdogo ni mshonaji, na tangu akiwa msichana alikuwa haoni mbali. Miwani aliivaa akitembea. Akitaka kutunga uzi aliivua, akaileta sindano karibu na pua, na uzi ukapita mara moja. Hata alipovuka miaka 50, wenzake wakihangaika na miwani ya kusomea, yeye alisoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa kwa macho matupu. Kisha akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza na bandeji kufunguliwa kesho yake, aliona ukuta wa mbali bila miwani kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Sote tulishangilia. Wiki chache baadaye nilimkuta ameshika sindano, mkono wa pili unapapasa usoni kutafuta miwani ya kuvua, na miwani haipo.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Lenzi ilikaa mahali pake na vipimo vilitoka kama vilivyopangwa. Ila hakuna aliyemuuliza, wala sisi hatukujua kusema, kwamba kazi yake na raha yake vyote viko sentimita 30 mbele ya uso. Akawekewa lenzi iliyopimwa kwa ajili ya kuona mbali, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa kwa watu wengi.

Tangu hapo nimewasindikiza ndugu wengine kwenye upasuaji huu, nikauliza maswali mengi na kusoma kila nilichoweza kukipata. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa "chagua lenzi" na hajui aanzie wapi. Daktari ndiye aliyeliona jicho lako kwa ndani. Mimi nakupa maneno ya kuingia nayo chumbani kwake.

Kinachotolewa na kinachowekwa

Lenzi tunayozaliwa nayo hukaa nyuma ya ile sehemu ya jicho yenye rangi, ndani ya mfuko mwembamba sana. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo hiyo ikiwa imeingia ukungu. Daktari hufungua uso wa mbele wa mfuko, huitoa lenzi iliyochafuka, na mfuko huubakiza ili ubebe lenzi mpya. Hii mpya ni kidude cha plastiki chenye kioo cha upana wa milimita 6 hivi, na mikono miwili myembamba inayojishikiza ndani ya mfuko. Ukipima kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ya mwingine unapata kama milimita 12 au 13. Huisikii jichoni, huivui usiku, na imetengenezwa ikae maisha yote.

Aliyeanzisha jambo hili ni daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliyeweka lenzi ya kwanza tarehe 29 Novemba 1949 katika hospitali ya St Thomas' jijini London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki kutoka kwenye vioo vya ndege zao, akaona kwamba macho yao yalivivumilia vipande hivyo miaka kwa miaka. Kabla yake, aliyetolewa mtoto wa jicho aliachwa bila lenzi, akavaa miwani minene ya takriban dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), inayokuza kila kitu na kupinda milango na kuta.

Kuna jambo moja ukilishika, ulinganisho wote utaeleweka. Lenzi ya kijana hubadili umbo: ikivimba kidogo anaona karibu, ikilala anaona mbali. Kuanzia miaka 40 na kitu inakuwa ngumu, ndiyo maana tunatafuta miwani ya kusomea. Lenzi ya plastiki karibu aina zote haibadili umbo kabisa. Kwa hiyo kuna njia mbili tu. Ama mwanga wote uelekezwe umbali mmoja, mtu aone vizuri sana hapo na avae miwani kwa kwingine, ama mwanga ugawanywe, apate umbali kadhaa lakini kila mmoja ukiwa na fungu lake tu la mwanga. Watengenezaji wamecheza sana kati ya njia hizi mbili, lakini hakuna aliyekwepa sheria hiyo.

Lenzi ya umbali mmoja

Hii ndiyo inayowekwa kwa watu wengi zaidi duniani, na naisema mapema: ndiyo ningeanza nayo kufikiria kwa mtu yeyote, kisha nitafute sababu ya kuiacha. Mwanga wote unakwenda mahali pamoja, kwa hiyo picha ni safi, tofauti kati ya kivuli na kivuli inabaki, na usiku taa hazichezi sana. Jicho lenye ugonjwa mwingine nyuma, kama retina (utando wa ndani unaopokea picha) iliyoguswa na kisukari, linafaidika na kila chembe ya mwanga, na lenzi hii haipotezi hata kidogo.

Kasoro yake inajulikana: ikipimwa kwa kuona mbali, utasoma kwa miwani. Simu, risiti, sindano, kucha, mwiba kwenye kidole cha mtoto, vyote vitahitaji miwani. Kwa mtu aliyekuwa akivaa miwani ya kusomea miaka 20, hilo halimshtui. Kwa mtu kama mama mdogo ni msiba mdogo wa kila siku.

Lakini ngoja. Watu wengi hudhani umbali mmoja maana yake ni mbali, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipokosea. Umbali huo unachaguliwa. Nguvu ya lenzi inaweza kupimwa ili jicho libaki na upungufu wa makusudi wa kuona mbali, na hesabu yake ni rahisi: gawanya mita 1 kwa idadi ya dayopta zilizobakizwa. Ukibakiziwa dayopta 1, jicho linaona vizuri kwenye mita 1. Ukibakiziwa 2, ni nusu mita. Ukibakiziwa 2.5, ni sentimita 40, mahali ambapo watu wengi hushikia kitabu. Mtu aliyezoea kuvua miwani ili asome anaweza kuomba abaki hivyo hivyo, avae miwani ya kutembelea kama alivyofanya maisha yake yote. Lenzi ni ile ile, upasuaji ni ule ule, tofauti ni nambari iliyoandikwa kwenye kisanduku. Swali hilo moja lingetosha kumwachia mama mdogo sindano yake.

Ipo pia njia ya kuyapa macho mawili kazi tofauti: moja libaki la mbali, la pili libakiziwe dayopta 1 hadi 1.5, au zaidi kidogo. Ubongo hujifunza kuchukua picha kwenye jicho lenye jibu. Wapo wanaoipenda sana, na wapo wanaopata kizunguzungu na kushindwa kukadiria umbali wa ngazi. Uzuri ni kwamba inaweza kujaribiwa kabla kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho, ikiwa mtoto wa jicho haujawa mzito mno. Kadiri tofauti ya macho inavyokuwa kubwa ndivyo karibu inavyozidi kuwa nzuri, na ndivyo macho yanavyozidi kukataa kufanya kazi pamoja. Anayeendesha gari usiku huenda akahitaji miwani ya kulisaidia jicho la karibu.

Mama mdogo alipofikia jicho la pili tulikwenda tukiwa tumejiandaa. Kumpa dayopta 2.5 wakati jicho la kwanza liko mbali kungekuwa pengo kubwa mno, daktari akasema, na tukakubaliana na 2. Sasa anasoma simu kwa macho matupu na anatunga uzi kwenye sindano kubwa. Sindano nyembamba bado zinataka miwani. Angepewa nafasi ya kuanza upya, anasema, macho yote mawili yangebaki ya karibu.

Lenzi ya umbali mwingi

Ukiangalia lenzi hii kwenye mwanga utaona duara ndogo ndogo zimechorwa ndani yake, moja ndani ya nyingine. Duara hizo huupasua mwanga. Zile za zamani ziliupasua mara mbili, mbali na karibu. Nyingi za sasa zinaupasua mara tatu: mbali, umbali wa kompyuta au meza ya kazi ambao ni sentimita 60 hadi 80, na umbali wa kusoma, sentimita 40 hivi. Ubongo unapokea picha zote kwa pamoja na kujifunza kuchagua.

Ahadi yake kubwa ni kuishi bila miwani, na kwa mtu aliyechaguliwa vizuri ahadi hiyo mara nyingi hutimia kwa sehemu kubwa ya siku. Nimeona mtu akisoma ujumbe wa simu mchana, kisha akainua uso na kusoma kibao cha upande wa pili wa barabara, bila kugusa mfuko wa shati. Kwa aliyebeba miwani miwili shingoni miaka yote, hiyo ni furaha ya kweli na sitaidharau.

Bei ya furaha hiyo, achilia mbali fedha, hulipwa kwa mwanga. Kwenye chumba chenye taa hafifu maandishi hufifia mapema. Kijivu juu ya kijivu hakitofautiki vizuri. Usiku, kila taa ya gari inayokuja huzungukwa na pete za mwanga. Wengi huzizoea pete hizo ndani ya miezi 3 hadi 6, wengine huchukua mwaka, na wachache hawazizoei kabisa. Hao wachache ndio wanaonihangaisha, kwa sababu kutoa lenzi na kuweka nyingine si kubadili kioo cha miwani. Mfuko unakuwa umeshaishika lenzi, na kila mwezi unaopita kazi inakuwa ngumu zaidi.

Aina hii pia haisamehe. Lenzi ya umbali mmoja ikikosea kwa nusu dayopta, mtu haoni tofauti kubwa. Ya umbali mwingi ikikosea hivyo hivyo, umbali wote unachafuka pamoja. Na haifai jicho ambalo tayari linapungukiwa mwanga au lina picha mbovu: lenye uharibifu wa kitovu cha retina, lenye presha ya jicho iliyokwisha kula mshipa wa fahamu wa jicho, lenye kisukari kilichofika kwenye retina, lenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho) yenye kovu au umbo lisilo sawa. Macho makavu nayo yatibiwe kwanza, kwa sababu machozi ndiyo kioo cha mbele kabisa, na yakiwa mabovu hata vipimo vya kabla ya upasuaji vinadanganya.

Ningemshauri aiache dereva wa usiku, na mtu ambaye kazi yake ni kutofautisha rangi na vivuli vidogo. Ningemshauri vivyo hivyo mtu ambaye dosari ndogo humnyima usingizi. Hilo la mwisho madaktari wenyewe huliuliza, na sioni aibu ndani yake. Kujijua ni sehemu ya kipimo.

Iliyo katikati: umbali uliorefushwa

Badala ya kuupasua mwanga vipande vitatu, lenzi hii huunyoosha mahali pamoja pawe parefu, kama mtu anayevuta udongo laini. Kinachopatikana ni kuona mbali hadi urefu wa mkono bila kukatika: dashibodi ya gari, kompyuta, uso wa mtu mliyekaa naye meza moja. Maandishi madogo bado yanahitaji miwani myepesi. Pete za usiku kwa kawaida ni chache kuliko za umbali mwingi. Nchini Marekani ya kwanza ya kundi hili, Symfony, iliidhinishwa mwaka 2016, nayo bado ilitumia duara za kupasua mwanga. Vivity, iliyoidhinishwa 2020, iliacha duara hizo na kutumia umbo la uso wa lenzi peke yake.

Zimetokea pia lenzi za umbali mmoja zilizoboreshwa kidogo katikati ya kioo ili ziongeze uwezo wa kuona vitu vya umbali wa meza. Ongezeko ni dogo, lakini kasoro karibu hazipo, na kwa mtu wa kompyuta asiyetaka kubahatisha naziona ni chaguo la busara.

Ukiniuliza kati ya hii na ya umbali mwingi, nitakuuliza unasoma nini. Anayesoma vitabu kitandani kwa taa ndogo hatapata anachokitaka kwenye umbali uliorefushwa, na kwenye umbali mwingi taa yenyewe itamsumbua. Anayeishi kwenye skrini na barabarani atapatana nayo.

Toriki, ambayo haishindani na hizo

Wengi huletewa orodha ambayo toriki imewekwa kama aina ya nne, na hapo wanachanganyikiwa. Toriki ni nyongeza inayoweza kuwemo ndani ya aina yoyote kati ya zile tatu. Kazi yake ni kurekebisha konea ambayo haikupinda sawasawa pande zote, ile hali inayoitwa astigimatizimu. Konea ya namna hiyo ina umbo kama la yai lililolala: mwanga unaopita upande mmoja unakusanyika mapema kuliko unaopita upande mwingine, na matokeo yake ni ukungu wa mbali na wa karibu kwa pamoja.

Mtu mwenye dayopta 2 za astigimatizimu akiwekewa lenzi ya kawaida ataendelea kuvaa miwani hata kwa mbali. Akiwekewa toriki, anaweza kuiacha ya mbali kabisa. Ndiyo maana, kwa macho ya namna hii, nikilazimika kuchagua nyongeza moja tu ya kuigharamia, nachukua toriki ya umbali mmoja kabla hata sijaiangalia ile ya umbali mwingi. Madaktari wengi huanza kuizungumzia upungufu ukiwa karibu dayopta 1.

Udhaifu wake ni kuzunguka. Lenzi hii ina mhimili, na mhimili lazima uendane na wa konea. Kwa kila digrii 1 ya kukengeuka, kama asilimia 3 ya marekebisho inapotea. Ikizunguka digrii 10, theluthi moja imekwenda. Ikifika 30, haina faida tena, na zaidi ya hapo inaongeza tatizo. Kwa sababu hiyo utaona daktari akilitia jicho alama ya wino ukiwa umekaa wima kabla ya kulazwa: jicho lenyewe huzunguka kidogo mtu anapolala chali. Kuzunguka kwa lenzi hutokea zaidi saa na siku za kwanza, na ikihitajika inarudishwa mahali pake kwa utaratibu mfupi katika wiki zinazofuata. Ukiona ukungu uliotokea ghafla baada ya siku mbili tatu nzuri, usinyamaze.

Ngumu au ya kukunja, na plastiki ipi

Lenzi ya Ridley ilikuwa ngumu, na ngumu bado zipo na bado ni nzuri. Kwa kuwa haikunjiki, mlango wake jichoni lazima uzidi upana wake, yaani milimita 6 na zaidi. Kuna upasuaji wa mkono ambao daktari huchimba njia ya mshazari inayojifunga yenyewe bila nyuzi, na lenzi ngumu hupita hapo. Lenzi ya kukunja huingia kama karatasi iliyoviringishwa kupitia mlango wa milimita 2 hadi 3, baada ya mtoto wa jicho kuvunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti, mbinu aliyoianzisha Charles Kelman mwaka 1967. Mlango mdogo hupona haraka na huupinda uso wa konea kidogo zaidi. Lakini picha inayopatikana miezi kadhaa baadaye haitofautiani sana, na nawaomba wasomaji wasimhurumie mtu aliyewekewa lenzi ngumu na mikono yenye uzoefu.

Kati ya zile za kukunja, nyingi leo ni za akriliki, na zipo zinazokataa maji na zinazonywa maji. Tofauti hii inaonekana ya kiufundi mno kumhusu mgonjwa, ila inamhusu. Baada ya miezi au miaka, chembe zilizobaki kwenye mfuko zinaweza kutambaa nyuma ya lenzi na kuutia mfuko ukungu. Watu husema mtoto wa jicho umerudi, ingawa lenzi yenyewe ni safi. Tiba yake ni leza ya YAG, dakika chache, bila kisu. Akriliki inayokataa maji, hasa yenye kingo kali za mraba, hupata ukungu huo mara chache kuliko inayonywa maji. Inayonywa maji ina hatari yake nyingine: huweza kuingiwa na chokaa na kufifia, hasa ikiwa baadaye hewa au gesi itaingizwa jichoni kwa upasuaji wa konea au wa retina. Inayokataa maji nayo huweza kutokeza vitone vidogo vinavyometameta ndani ya plastiki, ambavyo daktari huviona kwenye darubini na mgonjwa kwa kawaida havimsumbui. Mimi ningechagua inayokataa maji, na mwenye dalili za kuhitaji upasuaji wa konea baadaye ningemsihi aichague. Silikoni imepungua kutumika; haifai kwa jicho linaloweza kuja kujazwa mafuta ya silikoni kwa ajili ya retina.

Kuhusu rangi ya manjano dhidi ya lenzi nyeupe: ya manjano huchuja sehemu ya mwanga wa buluu, na hutangazwa kama mlinzi wa retina. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, haukupata ushahidi wa wazi kwamba inailinda. Karibu lenzi zote za kisasa huzuia miale ya jua isiyoonekana, ziwe nyeupe au za manjano. Usiache rangi ikuamulie.

Kipimo kabla ya jina la lenzi

Lenzi ya hali ya juu iliyopimwa vibaya inashindwa na ya kawaida iliyopimwa vizuri. Vinapimwa hasa viwili: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa mtu mzima huwa karibu milimita 23.5, na mpindo wa konea. Kosa la milimita 1 tu kwenye urefu linazaa kosa la dayopta 2.5 hadi 3. Mashine za mwanga hupima vizuri zaidi; mtoto wa jicho ukiwa mzito sana mwanga haupiti, na kipimo cha mawimbi ya sauti ndicho kinachobaki. Hiyo ni sababu moja ya kutongoja mpaka jicho liwe jeupe kabisa.

Anayevaa lenzi za konea, zile za kuvaa juu ya jicho badala ya miwani, aache kuzivaa kabla ya kupimwa, kwa muda atakaoelekezwa, maana hubadili umbo la konea. Aliyewahi kufanyiwa leza ya kuondoa miwani aseme, tena alete rekodi kama anazo: fomula za kawaida zinakosea kwa konea iliyokatwa. Kwa watu hawa kuna lenzi inayorekebishwa nguvu kwa mwanga maalumu ikiwa tayari imo jichoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Inahitaji mahudhurio mengi na miwani ya kuzuia jua mpaka ikamilishwe, lakini inaondoa kubahatisha. Wanaume wanaotumia tamsulosin kwa ajili ya tezi dume nao wataje. Dawa hiyo hulegeza misuli ya mboni na daktari anahitaji kujua kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Watoto wachanga ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa jicho bado linakua na nambari ya leo haitafaa kesho. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wachanga 114 wenye mtoto wa jicho upande mmoja, waliopasuliwa kabla ya kufikisha miezi 7, ulikuta walipofika miaka minne na nusu kwamba waliowekewa lenzi mapema hawakuona vizuri kuliko waliovaa lenzi ya konea, na walihitaji upasuaji wa ziada mara nyingi zaidi. Mzazi asione amenyimwa kitu akiambiwa asubiri.

Ukiingia kwa daktari

Anza na siku yako, usianze na jina la lenzi. Sema unaamka unafanya nini, unashika nini, unakisogeza umbali gani. Nenda na rula ukiweza. Mama mdogo safari ya pili alikwenda na kitambaa na sindano, daktari akapima umbali kutoka jichoni hadi mkononi palepale. Sema kama unaendesha usiku. Sema miwani gani unaichukia na ipi huijali. Kisha uliza: retina na konea yangu zinaruhusu lenzi za kugawanya mwanga? Nina astigimatizimu kiasi gani? Mmelenga nambari gani, na nikiwa hapo nitaona wazi umbali gani? Mfuko ukichanika katikati ya upasuaji, mtaweka lenzi gani? Hilo la mwisho ni muhimu kwa aliyeahidiwa toriki au umbali mwingi, kwa sababu mfuko uliochanika mara nyingi huilazimisha timu kurudi kwenye lenzi ya umbali mmoja, iliyowekwa mbele ya mfuko au kushikizwa mahali pengine.

Kama macho yote mawili yanahitaji upasuaji, na hakuna haraka ya kitabibu, napendelea kuacha wiki kadhaa kati yake. Matokeo ya la kwanza humwonyesha daktari hesabu ilikengeuka kiasi gani, na humwonyesha mgonjwa kama anakipenda alichokichagua.

Baada ya upasuaji utapewa kadi yenye stika: aina ya lenzi, nguvu yake, nambari yake, na jicho lililowekewa. Piga picha, kisha itunze. Mama mdogo aliiweka ya kwake ndani ya kopo la vifungo, na daktari wa jicho la pili, ambaye hakuwa yule wa kwanza, aliiomba kabla hata hajawasha mashine.